Ghala ya Sukari Mwilini: Ni Nani Ashikaye Ufunguo?

Usiku wa manane, katika nyumba nyingi za nchi yetu, mama hukesha karibu na mtoto mwenye homa. Tangu jana mchana mtoto hakula. Alionja uji kidogo, akautapika. Usiku homa ikapanda, mtoto akalia sana. Karibu na alfajiri kilio kinakoma. Mama ajisemea moyoni: «Afadhali, amepata usingizi.» Amwacha alale. Lakini akimgusa paji la uso, jasho ni baridi. Akimwita kwa jina lake, macho hayafunguki vizuri. Mikono imelegea kama kitambaa.

Usingizi huo si usingizi. Malaria imefanya kazi yake mbaya, lakini mara nyingine pamoja nayo liko jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: sukari ya mwili imekwisha. Mtoto hapotei kwa homa peke yake. Aweza kupotea kwa kukosa kitu kilichomo katika kopo la jikoni.

Basi leo, wasomaji wapenzi, tutazame habari ya sukari hiyo: yatoka wapi, yawekwa wapi, ni nani aifunguliaye mlango, na ni nani aufungaye. Mwishoni tutarudi katika chumba cha mama yule, nasi tutajua la kufanya.

KIJIKO KIMOJA TU

Tukisema sukari ya mwili, hatusemi ile nyeupe ya dukani peke yake. Bugali wa muhogo au wa mahindi, ndizi, viazi, wali, vyote vikiisha kulainishwa tumboni na katika matumbo hugeuka kuwa sukari nyepesi iitwayo glukosi. Hiyo ndiyo iingiayo katika damu na kutembezwa mwili mzima, kama vile mtumbwi unavyopeleka vyakula kijiji kwa kijiji.

Sasa tufanye hesabu. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Katika damu hiyo yote, glukosi ni gramu 4 au 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Ikipungua sana, ubongo unazimika kama taa isiyo na mafuta. Ikizidi sana kwa siku nyingi, inaharibu macho, mafigo na mishipa. Kumbe ubongo peke yake hula gramu 120 hivi kila siku, maana yake gramu 5 kila saa. Basi, kama tungekuwa na sukari ya damu tu, ubongo ungeimaliza yote kwa muda wa saa moja!

Walakini mtu hula chakula cha jioni, hulala usiku kucha, akaamka asubuhi mzima, akajua jina lake na kazi iliyomngoja. Tena yuko mtu afungaye siku nzima, naye haanguki. Hapana budi, basi, kuwe na ghala mahali fulani, tena kuwe na mtu wa kuiangalia, ajuaye saa ya kutoa na saa ya kuweka.

MTU ALIYEOSHA INI

Aliyeigundua ghala hiyo ni Mfaransa, Claude Bernard, mzaliwa wa kijiji cha Saint-Julien mwaka 1813. Wazazi wake walikuwa watu wa shamba la mizabibu. Siku zile wenye elimu walisadiki ya kwamba mnyama hawezi kutengeneza sukari. Majani na miti tu ndiyo yenye uwezo huo, na mnyama huila na kuiharibu, basi.

Mwaka 1848 Bernard alimlisha mbwa nyama tupu, asimpe chochote chenye sukari. Kisha akapima damu. Damu iliyotoka katika ini ilikuwa na sukari! Imetoka wapi? Hakukubali kukisia, alitaka kuona. Mwaka 1855 alichukua ini la mnyama, akapitisha maji katika mishipa yake, akaliosha hata maji yaliyotoka hayakuwa na sukari tena. Akaliacha. Kesho yake akalipima upya, akakuta sukari nyingi mpya. Hakuna aliyeiongeza. Ini lenyewe ndilo lililoitoa katika akiba iliyofichika ndani yake. Mwaka 1857 alifaulu kuitoa akiba hiyo, unga mweupe, akauita glikojeni, maana yake kizaacho sukari.

Leo twajua kipimo cha ghala hiyo. Ini la mtu mzima aliyekula vizuri huweka gramu 100 hivi za glikojeni. Asipokula kitu, akiba hiyo hupungua usiku kucha, na baada ya siku moja hivi karibu imekwisha. Kwa mtoto mdogo huisha mapema zaidi, kwa sababu ini lake ni dogo, na ubongo wake, ukilinganishwa na mwili wake, ni mkubwa na walaji sana. Jambo hili tulishike, litatufaa mbele.

Lakini ini si ghala tu. Ni kiwanda pia. Akiba ikikaribia kwisha, ini huanza kutengeneza glukosi mpya kutoka kwa vitu visivyo sukari: protini za misuli, sehemu ndogo ya mafuta, na masazo ya kazi ya misuli na ya chembe nyekundu za damu. Mafuta mengine hayageuki kuwa sukari, lakini hutoa nguvu ya kuendesha kiwanda hicho. Ndiyo sababu mtu mwenye njaa ndefu hukonda misuli: anakula nguzo za nyumba yake mwenyewe ili taa ya ubongo isizimike.

NJIA MOJA, WAPANDAO NA WASHUKAO

Hapa ndipo palipo ajabu yenyewe. Mwili wetu umejengwa kwa chembe hai nyingi zisizohesabika, ndogo mno, ambazo waganga huziita seli. Kila moja huvunja glukosi ili ipate nguvu. Haiivunji kwa pigo moja kama mtu avunjavyo chungu. Huivunja kwa hatua 10, na kila hatua ina mtumishi wake aitwaye kimeng'enya, asiyefanya kazi nyingine ila hiyo. Mwisho wa hatua hizo 10, glukosi moja imekuwa vipande viwili viitwavyo piruvati, na seli imepata faida ya ATP mbili. ATP ni kama fedha ya mwili: kila kazi ya seli hulipwa kwayo. Vipande vile vikiendelea kuchomwa kwa hewa tunayovuta, faida huongezeka mara nyingi.

Hiyo ndiyo njia ya kushuka. Lakini tumesema ini linaweza pia kutengeneza glukosi. Kazi hiyo hupita karibu katika njia ile ile, kwa kupanda: vipande viwili vya piruvati huunganishwa hata kuwa glukosi moja. Katika hatua zile 10, hatua 7 hupitika kwa kupanda na kwa kushuka. Hatua 3 zina mteremko mkali, hazipandiki kabisa. Hapo ini limechimba njia za pembeni, zenye watumishi wengine. Na kupanda kwataka gharama: glukosi moja hulipiwa fedha 6 za namna ile.

Wewe uliyewahi kusafiri katika milima yetu umeziona njia nyembamba ambazo magari mawili hayapishani. Panawekwa barieri chini na barieri juu. Walinzi wakiruhusu magari ya kupanda, ya kushuka hungoja, kisha hubadilishana. Je, walinzi wote wawili wakifungua pamoja, itakuwaje? Hakuna atakayefika.

Na ndani ya seli hasara ingekuwa ya namna hii: glukosi inashuka, seli inapata fedha 2; glukosi ile ile inapandishwa, seli inalipa 6. Kila mzunguko, hasara ya 4, wala hakuna kitu kilichopatikana. Ni kama tajiri alipaye wapagazi kupandisha magunia mlimani, huku wapagazi wengine wakiyateremsha magunia yale yale. Jioni mali imekwisha, na magunia yako pale pale. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya seli katika mambo ya sukari ni hii: mlango wa kuvunja ukifunguliwa, mlango wa kutengeneza upunguzwe, na mlango wa kutengeneza ukifunguliwa, ule wa kuvunja upunguzwe.

Walinzi hao hutii nani? Kwanza hutii hali ya seli yenyewe. Fedha, yaani ATP, zikiwa nyingi, mlinzi mkuu wa njia ya kushuka hufunga: hakuna haja ya kuvunja tena. Fedha zikitumika, hubaki mabaki yake yaitwayo AMP. Mabaki hayo ni kama kelele ya umaskini. Mlinzi akiisikia hufungua mara moja. Ndivyo ilivyo katika misuli ya mtu akimbiaye. Lakini ini halifanyi kazi kwa ajili yake peke yake. Lafanya kwa ajili ya mwili wote. Basi yalihitaji kupata habari kutoka nje.

WAJUMBE WAWILI WA KONGOSHO

Nyuma ya tumbo iko kongosho, kiungo kirefu, laini. Ndani yake mna visiwa vidogo vya seli vionjavyo damu mchana na usiku. Vikikuta sukari imepanda, baada ya kula, humtuma mjumbe wa kwanza: insulini. Vikikuta sukari imeshuka, humtuma wa pili: glukagoni. Wajumbe wa namna hii, wapitao katika damu, huitwa homoni.

Insulini husema: «Chakula kimefika. Wekeni akiba.» Misuli na mafuta hufungua milango yao na kupokea glukosi, ini hujaza ghala na kuacha kutengeneza sukari mpya. Glukagoni husema kinyume: «Mlango wa chakula umefungwa. Toeni.» Ini huvunja glikojeni, hufunga njia ya kushuka na kufungua ya kupanda, ili glukosi itoke kwenda katika damu.

Insulini ilipatikana katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, mwaka 1921, kwa kazi ya Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya John Macleod. Naye James Collip akaisafisha. Mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14, aliyekuwa karibu kufa kwa ugonjwa wa sukari, alichomwa sindano za kwanza. Ya kwanza haikusaidia sana kwa kuwa dawa haikuwa safi, zilizofuata zilimwinua. Kabla ya hapo, mtoto mwenye ugonjwa ule alikuwa hana tumaini. Mwaka 1923 Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel.

Glukagoni ilichelewa kueleweka. Kati ya waliofanya kazi juu yake alikuwa Mbelgiji, Christian de Duve, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Louvain. Alikwenda Marekani, katika mji wa St. Louis, na mwaka 1948 yeye na Earl Sutherland walichapa habari za mahali itokapo homoni hiyo ndani ya kongosho. Sutherland akaendelea kuuliza: mjumbe akifika mlangoni pa seli ya ini, asiingie ndani, amri yake hupitaje? Akakuta ya kwamba mjumbe hubisha hodi tu, na ndani mjumbe wa pili, mdogo, huamshwa na kupeleka habari kwa watumishi. Kwa jambo hilo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. De Duve naye aliipata mwaka 1974 kwa kazi nyingine juu ya viungo vya ndani ya seli, kazi iliyotokana na utafiti wake juu ya insulini na ini.

KITU KIDOGO CHA MWAKA 1980

Bado palikuwa na fumbo. Habari ya glukagoni imefika ndani. Lakini ni nani awaambiaye walinzi wa barieri, «Wewe funga, na wewe fungua,» kwa wakati mmoja?

Jibu lilitoka kwa waliofuata nyayo za de Duve. Mwaka 1980, Emile Van Schaftingen, Louis Hue na Henri-Géry Hers, wa Chuo Kikuu cha Louvain, walikuta katika seli za ini kitu ambacho hakikujulikana. Ni sukari ya namna ya furuktozi iliyofungwa fosfati mbili, moja mahali pa 2 na moja mahali pa 6. Kiasi chake katika seli ni kidogo mno, hata hakuna aliyekiona kabla yao. Lakini uwezo wake ni mkubwa. Kikiwapo, mlinzi wa kushuka hufungua na mlinzi wa kupanda hufunga. Kikiondoka, mambo hugeuka: wa kushuka hufunga, wa kupanda hufungua. Huo ndio ufunguo mmoja ufungao huku ukifungua kule.

Na ni nani aushikaye? Mtumishi mmoja mwenye mikono miwili. Mkono mmoja hutengeneza kitu hicho, mkono wa pili hukiharibu. Insulini ikitawala, mkono wa kutengeneza hufanya kazi. Ini huvunja sukari na kuweka akiba. Glukagoni ikifika, mtumishi yule hubandikwa fosfati moja kama muhuri. Mara mkono wa kutengeneza hulala, mkono wa kuharibu huamka. Ufunguo unatoweka, na ini huanza kuilisha damu.

Louvain si jina geni kwetu. Ndicho chuo kilichozaa Lovanium mwaka 1954, karibu na mji ulioitwa Leopoldville siku zile, ambamo Wakongo wengi walisomea uganga. Leo mahali pale pana Chuo Kikuu cha Kinshasa.

MISULI HAIKOPESHI

Mtu aweza kuuliza: misuli nayo huweka glikojeni, tena gramu 400 hivi kwa mtu mzima, kuliko ini. Mbona haiusaidii ubongo wakati wa njaa?

Sababu ni mlango mmoja. Glukosi ikiingia katika seli hubandikwa fosfati, nayo yenye fosfati haiwezi kutoka. Ini lina kimeng'enya cha kuibandua, misuli haina. Basi akiba ya misuli ni ya misuli yenyewe, haikopeshwi jirani. Hata hivyo kuna njia ya kuzunguka. Msuli ukifanya kazi ngumu hutoa laktati katika damu. Ini huiokota laktati hiyo, huigeuza kuwa glukosi, na kuirudisha. Mzunguko huo ulifunuliwa na mume na mke, Carl na Gerty Cori, wazaliwa wa Praha, waliofanya kazi Marekani. Mwaka 1947 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya glikojeni, na Gerty akawa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo ya uganga.

Ndio hao hao walioonyesha, mwaka 1952, ubaya wa kukosa mlango ule katika ini. Kuna watoto wachache wanaozaliwa bila kile kimeng'enya cha kubandua. Ini lao hujaa glikojeni hata tumbo likavimba, lakini damu yao haina sukari. Wana njaa mlangoni pa ghala iliyojaa! Watoto hao hulishwa mara kwa mara, hata usiku; na tangu mwaka 1984 wengi wao hupewa wanga wa mahindi usiopikwa, kwa kuwa huo hulainika polepole tumboni na kuipa damu sukari kidogo kidogo. Tazama jinsi kimeng'enya kimoja tu kilivyo na thamani.

UFUNGUO UKIHARIBIKA

Sasa twaweza kuelewa maradhi tunayoyaona mitaani mwetu.

Ugonjwa wa sukari kwanza. Wengi husema: mgonjwa huyu alikula sukari nyingi, ndiyo iliyojaa katika damu. Hiyo ni nusu ya habari. Insulini ikikosekana, au mwili usipoisikia, ini husikia sauti ya glukagoni peke yake. Hudhani kuna njaa. Basi, ijapokuwa damu imejaa sukari, ini huendelea kutengeneza nyingine, usiku hata asubuhi. Ndiyo maana mgonjwa aweza kulala bila kula, akaamka sukari imepanda. Dawa iitwayo metformini, iliyoanza kutumiwa Ufaransa mwaka 1957, husaidia hasa kwa kupunguza kazi hiyo ya ini. Kwa upande mwingine, mgonjwa aliyechomwa sindano ya insulini asipokula, sukari yake huporomoka. Naye hana budi kula au kunywa kitu chenye sukari upesi.

La pili ni pombe. Ini likipewa pombe nyingi, hushughulika nayo kwanza, na kazi hiyo huziba njia ya kupanda. Anayekunywa kasiksi au kanyanga huku amekula, ghala yake bado ina kitu. Lakini anayekunywa siku nzima bila kula, ghala imekwisha na kiwanda kimefungwa. Anaanguka, anatoka jasho baridi, hajibu. Watu hucheka: «Amelewa, mwacheni alale.» Kumbe wengine wao hawakulewa tu, ubongo wao unakufa njaa. Kwa mtoto, hata pombe kidogo yaweza kuleta hatari hiyo. Asionjeshwe, wala kwa mchezo, wala kwa dawa ya minyoo, wala kwa kumtuliza.

TURUDI KWA MAMA YULE

Mtoto wetu mwenye malaria amepatwa na mambo manne kwa pamoja. Hakula, basi ghala ndogo ya ini lake imekwisha. Homa na vijidudu vya malaria, ambavyo navyo hula glukosi, vimeongeza matumizi. Ini lenyewe ni gonjwa, kiwanda chake chafanya kazi kwa shida. Na kama ametibiwa kwa kinine, dawa hiyo huichochea kongosho kutoa insulini, nayo huteremsha sukari zaidi.

Hilo la mwisho limepata msaada. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti juu ya watoto zaidi ya 5000 wenye malaria kali, katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwamo. Waliopewa kinine walikufa 10.9 kwa kila 100. Waliopewa artesunati, 8.5. Tena wa artesunati walishukiwa na sukari mara chache kuliko wale wa kinine. Kwa hiyo, tangu mwaka 2011, Shirika la Afya Ulimwenguni limeshauri artesunati ya sindano kwa watoto wa Afrika wenye malaria kali. Lakini dawa yoyote, iwe bora namna gani, haijazi ghala ya mtoto asiyelishwa.

Mtoto mwenye utapiamlo yuko katika hatari ile ile, hata bila homa. Misuli yake imekwisha kuliwa, glikojeni haina mahali pa kutoka. Kwake, usiku mmoja bila chakula ni mrefu mno. Ndiyo sababu katika vituo vya lishe waganga huamuru alishwe kila baada ya saa 2 au 3, mchana na usiku. Mama akisumbuliwa usiku ili ampe mtoto maziwa, asinung'unike. Wale wamwamshao wanajua hesabu ya ini.

Basi, enyi wazazi, shikeni haya:

Mtoto mwenye homa asiachwe bila kula. Anyonyeshwe mara nyingi. Aliyeachishwa apewe uji kidogo kidogo, mara kwa mara, hata usiku.

Akianza kulegea, kutetemeka, kutoka jasho baridi, kupatwa na degedege, au asipoamka vizuri, msingoje mapambazuko. Apelekwe katika kituo cha afya mara moja.

Kabla ya kuondoka, kama aweza kunyonya, anyonye. Kama hawezi kunyonya lakini aweza kumeza, apewe maji ya sukari: vijiko 4 vya chai vya sukari, visivyojaa kupita ukingo, katika kikombe cha maji safi cha mililita 200, yakorogwe vizuri. Anyweshwe polepole mililita 30 hadi 50, yaani vijiko 6 hadi 10 vya chai, na njiani aendelee kupewa kidogo kidogo.

Kama hawezi kumeza au amezimia, msimmiminie kitu chochote kinywani; chaweza kuingia katika mapafu. Alazwe ubavu, abebwe upesi. Waganga wanazo njia za kumpa sukari: kwa mshipa, kwa mpira mwembamba upitao puani, au, vikikosekana hivyo, kwa sukari iliyoloweshwa na kuwekwa chini ya ulimi.

Mkifika, mwambieni mganga saa mtoto alipokula mara ya mwisho. Habari hiyo ndogo humsaidia kuliko maneno mengi. Nanyi mwombeni apime sukari. Tone moja la damu latosha.

Maji hayo ya sukari hayaponyi malaria. Yanauzuia ubongo wa mtoto usizimike njiani, hata afike penye dawa. Wala hayaleti ugonjwa wa sukari, kama wengine wanavyoogopa.

Wahenga walisema: akiba haiozi. Mwili unaijua methali hiyo. Kila baada ya chakula ini huweka akiba, na kila usiku huitoa kwa kipimo, likifungua huku na kufunga kule. Lakini ghala ya mtoto ni ndogo, na katika ugonjwa huisha upesi. Usiku ule kongosho imekwisha tuma wajumbe wake, na ini limetoa lote lililokuwa nalo. Ufunguo uliobaki ni mikononi mwa mama aliye macho, mwenye kijiko na kikombe cha maji safi.